Asante, mama wa karai pale Kondele

Mama, jina lako hatukulipata, ila sisi wenye vibanda vya samaki hapa Kondele, Kisumu, tunasema asante. Ulituonyesha kwamba ngege (tilapia) akigandia kwenye karai, kosa si la karai, ni la maji yaliyobaki kwenye samaki. Samaki wa nusu kilo anakatwa mikato mitatu kila upande hadi karibu na mfupa, anapakwa chumvi, anaachwa dakika 20 juu ya waya, kisha anafutwa mpaka ndani ya tumbo. Hapo ndipo wengi tulikuwa tukiharakisha.

Mafuta yapimwe kwa kipande cha ugali: kikizama na kutulia, bado, kikitoa mapovu na kuelea mara moja, tia samaki. Wawili tu kwa karai la kawaida, maana wanne hupoza mafuta na ngozi hung'oka. Asigeuzwe hadi ukingo uwe wa kahawia, hata mteja akigonga meza.

Samaki wa mchuzi pia akaangwe kwanza. Nyanya ziive hadi mafuta yaelee ndipo aingie, dakika tano tu, la sivyo anavunjika.

Na yale mafuta meusi uliyoyanusa ukakunja uso, tumeyamwaga. Soda yako ipo, ukipita tena.