Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Umoja wa Kujitolea wa Wafanyakazi, Dodoma

Mbukwenyi, ndugu wanachama.

Katiba yetu inamtaka mwenyekiti asome taarifa kila mkutano mkuu, kisha mhazini asome hesabu. Kwa hiyo fedha sitazigusa sana. Zimo kwenye karatasi mlizogawiwa pale mlangoni, na maswali yake yana mwenyewe, ameketi hapa kulia kwangu na kalamu mbili. Nawashukuru wajumbe wa kamati, na namshukuru dada wa mapokezi aliyetuvumilia mwaka mzima tukirundika majembe chini ya meza yake.

Naanza na miti, kwa sababu ndiyo iliyoninyima usingizi.

Mnakumbuka tarehe 5 Juni ya mwaka jana, Siku ya Mazingira Duniani. Tulijaza mabasi mawili hadi shule moja ya msingi upande wa Bahi, tukiwa na fulana mpya, kofia, bango lenye nembo ya kampuni na mgeni rasmi. Shimo la kwanza nilichimba mimi, na picha yake bado iko kwenye kalenda ya ukutani. Tulipanda miche mia tatu, tukala pilau, tukarudi mjini jua likiwa bado liko juu. Mwezi Oktoba nilipita njia ile kwa shughuli zangu, nikaona si vibaya nisimame. Mwalimu mkuu, mtu muungwana, alinikaribisha soda akasema miche ilikuwa mizuri sana. Nikalisikia hilo neno "ilikuwa". Aliyenipa habari yenyewe ni mzee mlinzi wa shule: "Mama, siku ile mlikuja na kila kitu. Mvua tu ndiyo mliisahau."

Hakuna aliyekulia Dodoma asiyelijua jambo hili. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na jumla yake kwa mwaka ni kama milimita 500 hadi 600. Juni ndipo kiangazi kinakaza na upepo unaanza kuchapa. Tarehe 5 Juni ilichaguliwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1972 kwa sababu ndiyo siku ulipofunguliwa mkutano wa mazingira kule Stockholm. Waliokaa Stockholm hawakuwa na Bahi mawazoni, na wala si kosa lao. Kosa ni letu. Nusu ya kamati ile tulikuwa wenyeji wa mkoa huu, na bibi yangu asingetia mbegu ya uwele ardhini mwezi Juni hata kwa kulipwa. Lakini barua ya maandalizi ilikuja tarehe ikiwa tayari imeandikwa, na hakuna kati yetu aliyefungua mdomo.

Kilichoniuma zaidi nilikijua baadaye, nilipoketi na walimu. Miche ile haikufa kwa siku moja. Kwa wiki kadhaa wanafunzi waliagizwa kila mmoja aje na kidumu cha maji asubuhi, na maji hayo kwao hufuatwa kisimani, kwa foleni, kabla ya jua kutoka. Sisi tuliita zawadi. Kule ikageuka kodi, na waliotozwa walikuwa watoto wa darasa la tatu.

Ndiyo maana mwaka huu kamati iliamua hatupangi siku yoyote kabla ya kwenda kuuliza. Januari tulirudi shule ile ile na miche sitini tu. Walimu walichagua wenyewe pa kupanda: karibu na jiko, ambako maji ya kuoshea vyombo yanamwagwa kila siku, na pembeni ya mfereji unaopokea maji ya bati. Sikuhesabu iliyo hai leo, maana nimejifunza kutojisifu kabla ya kiangazi kuisha, ila mlinzi ananipigia simu mara kwa mara na sauti yake si ya msiba.

Tarehe 5 Juni hatukuiacha. Tuliitumia kwa kisiki hai. Wageni wa mkoa huu huenda hamkijui, na nawaomba mkijue, kwa sababu hapa kwetu kinafaa kuliko miche. Mashamba mengi ya Bahi, Chamwino na Kongwa yana visiki vya miti iliyokatwa zamani ambavyo juu vinaonekana vimekufa, kumbe chini mizizi iko hai na kila mwaka inatoa vichipukizi vinavyoliwa na mbuzi. Unachagua machipukizi machache yaliyonyooka na yenye nguvu, unapogoa mengine, unafunga kitambaa ili mwenye jembe na mchunga mbuzi wajue mti huu una mwenyewe, kisha unarudi tena na tena kupogoa. Hakuna kumwagilia, kwa sababu mizizi ilishajitafutia maji yake miaka mingi. Kiangazi si kizuizi, na vifaa ni panga kali na matambaa. Shirika la LEAD Foundation limeieneza njia hii sana katika mkoa wetu, na wakulima waliotufundisha siku ile wanaijua kama wanavyojua kupalilia. Kwa mara ya kwanza tulikuwa sisi wanafunzi. Meneja mmoja alipogoa machipukizi yote pamoja na yale ya kubaki, akachekwa na mama wa makamo aliyekuwa na mtoto mgongoni. Nadhani kicheko kile kilitujengea jina jema kuliko bango la mwaka jana. Matambaa, kwa taarifa yenu, tulichana zile fulana.

Sasa damu.

Miaka yote tumekuwa tukichangia mara moja, tarehe 14 Juni, Siku ya Wachangia Damu Duniani. Foleni ndefu, picha nyingi, kisha kimya hadi mwaka unaofuata. Mtaalamu wa damu salama wa kanda alipokuja kuzungumza nasi alitueleza jambo ambalo lingepaswa kutufikia zamani: chupa ya damu huhifadhiwa kwa takriban siku 35, basi. Damu yote tuliyotoa Juni haikuwepo tena Agosti, kama ilitumika ni heri, na kama haikutumika ilimwagwa. Akaongeza kwamba wachangiaji wakubwa nchini ni wanafunzi wa sekondari, hivyo shule zikifungwa, akiba inapungua huku akina mama wanaojifungua na majeruhi wa bodaboda wakiendelea kuletwa kama kawaida.

Kwa hiyo tumejigawa kwa idara. Karakana walichangia mapema mwaka, ofisi kuu wakafuata, na idara ya usafirishaji wamepewa Desemba wakati wa likizo ya shule. Mwanaume anaweza kurudia baada ya miezi mitatu, mwanamke baada ya minne, kwa hiyo mpango huu unawezekana bila kumchosha mtu. Masharti mnayajua: miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, wekundu wa damu wa kutosha, na uwe umekula. Nasema uwe umekula kwa sababu kuna kijana wetu, sitamtaja lakini anacheka hapo nyuma, aliyekuja akiwa amefunga kwa kudhani ni kipimo cha sukari, akaamkia kwenye mkeka.

Kuna jambo la faragha nataka lisikike vizuri. Damu hupimwa UKIMWI, homa ya ini na kaswende, na mtu anaweza kuitwa arudi kwa ushauri. Mwaka huu niliwasikia watu kwenye kantini wakihesabu nani kaitwa. Niliumia. Tangu sasa hakuna orodha ya majina itakayobandikwa, na anayekataliwa kwa uzito au presha haulizwi sababu. Chai na andazi atakunywa kama wengine, na kazi ya kuandikisha ipo.

Kuhusu michango ya fedha, tulikuwa na mwaka wenye kelele. Wengi mnachangia kwa makato ya mshahara, mkisaini fomu. Lakini katika kitengo kimoja msimamizi alibandika mlangoni karatasi yenye majina na kiasi cha kila mmoja, na pembeni ya majina matatu akaandika "bado". Wanachama watatu walikuja kwangu mmoja mmoja, kila mmoja akidhani yuko peke yake. Karatasi iliondolewa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka mipaka ya makato kwenye mshahara, na mwajiri hawezi kukata kwa kuwa tu jambo lenyewe ni jema. Hata pasingekuwa na sheria, mtu anayelea watoto wa marehemu kaka yake kwa mshahara huo huo tayari anatoa sadaka kila jioni, ila haina risiti. Fomu mpya zimeandikwa wazi kwamba unaweza kuacha mwezi wowote bila kueleza, na msimamizi wako haoni nani kasaini.

Habari njema ni kwamba menejimenti imekubali kuongeza shilingi kwa kila shilingi tunayochanga. Utaratibu huu si mgeni duniani. General Electric ya Marekani iliuanza mwaka 1954. Tulizungumza miezi mingi kabla ya kukubaliana, na sehemu kubwa ya mazungumzo ilikuwa ukubwa wa nembo. Nilisema, na narudia mbele yenu, kwamba kampuni haipotezi kila kitu inapotoa. Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, inairuhusu biashara kupunguza kwenye hesabu ya kodi michango inayotoa kwa taasisi za hisani, isiyozidi asilimia 2 ya mapato yake ya biashara, mradi taasisi hiyo imetambuliwa na Mamlaka ya Mapato, TRA. Ndiyo sababu mhazini anawasumbua wapokeaji kwa nyaraka. Si urasimu wake, ingawa anaufurahia.

Makao ya watoto nitapita haraka. Tuliacha msafara wa Krismasi. Mama mlezi alitufungulia stoo akatuonyesha maboksi ya biskuti na juisi yaliyoletwa na ofisi nyingi wiki moja, halafu akatuambia Januari anatafuta viatu vya shule na madaftari kwa kukopa. Tumehamia Januari. Ruhusa tunapitia ofisi ya ustawi wa jamii, na sura ya mtoto haipigwi picha. Mwenye kutaka picha ajipige mwenyewe amebeba madaftari.

Kazi iliyonifurahisha kuliko zote ilifanywa na watu wanne wa idara ya uhasibu, na wala haikuwa na basi. Walikwenda jioni, wiki baada ya wiki, kwa kikundi cha akina mama wakulima wa zabibu, kuwasaidia kukokotoa gharama: dawa, nguzo, waya, vibarua, usafiri, mpaka wajue kilo moja inawagharimu shilingi ngapi kabla mnunuzi hajataja bei yake. Walianza vibaya, walipanga somo la kwanza wakati wa mavuno, wakakuta ukumbi mtupu. Zabibu zetu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na mtu hawezi kuacha tunda likiozea shambani aje kujifunza safu na mistari. Walisubiri, wakarudi.

Kikundi hicho kinaweka fedha zake kwenye sanduku lenye kufuli tatu, na funguo ziko kwa wanawake watatu wasiokaa nyumba moja. Wahasibu wetu walirudi wakaniuliza, kwa adabu, akaunti ya umoja wetu inahitaji saini za watu wangapi. Jibu lilikuwa mmoja, na mmoja huyo ni mimi. Tumerekebisha, sasa ni watatu. Sijui nani alimfundisha nani.

Lipo deni ambalo sijalilipa. Kampuni inatupa siku ya kujitolea yenye malipo, lakini walinzi na wafanya usafi waliopo hapa kupitia wakala hawamo. Wamekuja Januari kuchimba mashimo, wamekuja Juni na mapanga yao wenyewe, kila mara kwa siku yao ya mapumziko. Nimeiandikia menejimenti barua mbili. Ya kwanza nilijibiwa kwamba wao si wafanyakazi wetu. Ya pili haijajibiwa. Wenzetu wa zamu za usiku nao wana malalamiko yanayofanana, maana siku wanayopewa wanaimaliza kwa usingizi. Anayechaguliwa leo kushika kiti hiki airithi barua ya tatu; rasimu iko kwenye faili la bluu.

Ajenda inayofuata ni hesabu, kisha uchaguzi. Wagombea wote wamejaza fomu, na hakuna chakula cha mchana mpaka kura zihesabiwe, hilo limeamuliwa na kamati ya uchaguzi si mimi.

Tangazo la mwisho. Shule imeomba miche mingine arobaini msimu huu. Mwaka huu tarehe haitatoka ofisini. Mwalimu mkuu ndiye atakayenipigia, mvua ya pili ikishalowesha ardhi vizuri, na mimi nitawapigia viongozi wa idara usiku huo huo. Njooni na majembe, viatu vya matope na maji yenu ya kunywa. Fulana hakuna. Acheni simu zenu zikiwa na chaji, na mkisikia inaita usiku wa manane msiogope. Ni mimi, na imenyesha.