Simu mfukoni ukifika Manikarnika

Mhariri,

Watanzania wengi huenda India kwa matibabu, na wasindikizaji wao hutumia nafasi hiyo kutembea na kupiga picha. Zinazoniumiza ni za mji wa Varanasi. Pale Manikarnika, ukingoni mwa mto Ganga, maiti huchomwa kwa kuni mbele ya wafiwa. Weka simu mfukoni, hata ukiwa kwenye mashua. Kuvuta picha kwa mbali ni kuwaingilia vilevile.

Taj Mahal, ndani ya kaburi kuu, picha ni marufuku.

Sokoni, mwonyeshe kamera kwanza yule unayetaka kumpiga picha, ungoje jibu. Kichwa kikiyumba huku na huku, mara nyingi ni ndiyo, ila wageni hudhani wamekataliwa. Uliza “thik hai?”, yaani “sawa?” kwa Kihindi. Kisha mwonyeshe picha yake, na akitaka ifutwe, ifute mbele yake.

Msomaji, Dar es Salaam