Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mirerani

Ndugu wanachama,

Hesabu atazisoma mhazini. Ada zimechelewa kama kila mwaka, na wahusika wanajijua. Mimi nina jambo moja tu, neno "jiwe", ambalo tunaliita kioo, madini na mwamba bila kutofautisha.

Mwenzetu mmoja alinijia akisema, "Mwenyekiti, nimepata jiwe." Kweli lilikuwa la bluu, limekatwa vizuri. Nikalishika dirishani, nikaligeuza: bluu. Nikaligeuza upande mwingine: bluu ile ile. Nikamwambia pole. Alikuwa amenunua kioo.

Tanzanite, kito chetu cha hapa Mirerani, haikai hivyo. Upande huu utaona bluu, upande ule zambarau, na ikiwa ghafi, kabla ya kuchomwa, utaona hata wekundu wa kahawia. Ndani yake atomi za kalisi, alumini, silikoni na oksijeni zimejipanga kwa safu zisizobadilika, na mwanga hupita tofauti kila upande. Rangi ya bluu inatokana na metali ya vanadi kidogo iliyomo. Kioo kimeyeyushwa kiwandani kikapoa bila safu yoyote, basi hata kikipendeza namna gani, si madini. Madini huundwa na ardhi yenyewe, yana kemia yake inayojulikana na mpangilio wake.

Mwamba ni kama makande: mahindi, maharage, vyote chungu kimoja. Huko chini tunavunja naisi yenye kwazi, feldispa, ulanga na kile kinywe (grafiti) cheusi kinachotuchafua hadi masikioni. Hivyo vilivyomo ndiyo madini. Naisi yenyewe ni mwamba. Mzee mmoja alinibana kikaoni: mbona marumaru karibu yote ni kalisaiti, madini ya aina moja, na bado inaitwa mwamba? Swali zuri. Makande ya mahindi matupu bado ni chungu cha punje nyingi.

Kuhusu ugumu, wengi mnalijua jedwali la Mohs la mwaka 1812, linalopanga madini kwa kuangalia yapi hukwaruza yapi, kuanzia talki, ile laini ya poda, hadi almasi yenye 10. Kinywe kiko kati ya 1 na 2, ndiyo maana kinaandika kwenye karatasi. Tanzanite iko 6 hadi 7, kioo cha kawaida karibu 5.5. Lakini nawasihi, msikwaruze kito cha mtu kukipima! Tanzanite ina upande mmoja inakopasuka kirahisi sana, na mkwaruzo haufutiki. Kwaruzeni vipande vya mwamba mkitaka kujifunza. Kito kigeuzeni kwenye mwanga, mkipime uzito, mkitazame kwa lenzi.

Lenzi ya kukuza mara 10 tuliinunua kwa fedha za chama. Daftari linaonyesha iliazimwa na haijarudi. Aliye nayo amkabidhi katibu leo, kabla ya chai.