Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mashindano ya Chemsha Bongo

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha. Mazoezi ya Jumamosi yaliendelea Temeke, Ilala na Ubungo, semina ya waamuzi ilifanyika, masika yakatuahirishia bonanza moja, na darasa la saba tuliwaachia mapema wajiandae na mtihani wao.

Niingie kwenye jambo linalosemwa sana pembeni na mara chache mbele yangu: kufutwa kwa mtoano, ule mtindo wa anayefungwa anatoka. Eti mashindano yamepoa, eti mwenyekiti kaamua peke yake. Kamati ilikaa na muhtasari upo. Sasa tufanye hesabu. Timu 16 zikicheza mtoano, raundi ya kwanza inatoa 8, ya pili inatoa 4 nyingine. Watoto wa timu 12, waliopanda daladala mbili kuja, wanashinda chini ya mwembe wakirushiana chupa, na wanaotolewa mapema ndio hasa tunaotaka wasichoke na shule. Kwa utaratibu tulioazima kwenye sataranji, kila raundi timu inakutana na yenye pointi sawa nayo au zinazokaribiana. Hatolewi mtu. Zisipotokea sare, raundi 4 zinatosha kumpata asiyefungwa.

Ni kweli michezo imepanda kutoka 15 hadi 32, na watu wamefika nyumbani usiku. Kinachochelewesha ni meza moja ya bao: isipomaliza, raundi nzima inasubiri. Ndiyo maana tunacheza bao la kujifunza, kete zote 64 zikiwa mashimoni tangu mwanzo, mbili mbili, kwa dakika 15. Muda ukiisha, mwamuzi anahesabu kete za kila upande.

Kwenye maswali, kengele ya kuwahi kujibu nayo imeondoka, kwa kuwa ilikuwa inajibiwa na mtoto yuleyule mwepesi. Sasa timu ya watoto 4 inapewa sekunde 40 za kunong'ona na kuandika, vibao vyote vinainuliwa pamoja, kisha kura inaamua nani aeleze jibu limepatikanaje. Jibu pointi 2, maelezo 1. Kwa kuwa kura yaweza kumwangukia yeyote, wenzake wanalazimika kumwelewesha hata yule mkimya. Kanuni hizo, isemwe tu, niliziandika mimi.

Kwenye sudoku, lile fumbo la kujaza tarakimu kwenye miraba, darasa la sita wapeni ya 6 kwa 6. Ya 9 kwa 9 yenye tarakimu pungufu ya 17 zilizotangulia kujazwa haiwezi kuwa na jibu moja tu, na hata zikizidi hapo, mwalimu alifumbue kwanza mwenyewe. Majibu mawili yakitokea mbele ya wazazi, mwamuzi hana pa kujificha.

Mahudhurio yenu ni aibu. Vikao viwili vimevunjika kwa kukosa akidi, na wanaoulilia mtoano hawakuonekana hata kimoja. Wanachama 46, waliolipa ada 19, mapato sh. 380,000, ada ambazo hamjalipa sh. 540,000, matumizi ya kete, karatasi, maji na nauli za waamuzi sh. 455,000. Pengo limezibwa na mtu mnayemjua.

Mwakani, Mungu akipenda, tunatarajia kuvuka hadi Kigamboni, kumpata mfadhili, na ikiwezekana kuongeza mbao za bao. Mweka hazina atakuwa mlangoni na kitabu cha stakabadhi.