Mabega ya Walumbe: barua kwa mwanangu

Walukuba, Jinja

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Sisi hatujambo, isipokuwa cherehani kubwa imeanza tena kuruka mishono, na fundi wake anakuja kesho. Mchezo ulionitumia umefika salama, nami nimeusoma mara mbili: mara ya kwanza nikiwa mama yako, nikacheka peke yangu pale ng'ombe anapomlalamikia Kintu kwamba hana mtu mwingine wa kuzungumza naye, na mara ya pili nikiwa fundi, futi shingoni na kalamu mkononi.

Unaniuliza mnunue mita ngapi za kitambaa, na kama pale Kiyembe, kwenye maduka ya vitambaa ya Kampala, mnaweza kupata cha kung'aa kwa bei ya kuelewana. Swali la mita ni la mwisho, mwanangu, na wewe umelitanguliza. Kisa cha Kintu, mtu wa kwanza duniani katika simulizi za Waganda, na mkewe Nambi, binti wa Ggulu wa mbinguni, kimejaa maajabu, lakini mchezo wa maajabu si ruhusa ya kupandisha jukwaani kila kinachometameta. Nyuki anaweza kuzungumza na mwamba ukachanjwa kama kuni, na watazamaji watakubali yote hayo bila kinyongo mradi waone kwamba maajabu hayo yana utaratibu wake. Ukimvisha Ggulu satini ya zambarau kwa sababu tu ilikuwepo dukani, nyuki ukampa manyoya yaliyobaki kwenye mchezo wa Krismasi, na Kintu ukamfunga ngozi ya chui ya plastiki, watu watakuwa wanatazama genge la mitumba limepata miguu.

Kwa hiyo nakushauri uamue kwanza kila ulimwengu umeumbwa kwa kitu gani. Mimi, kama ungeniachia, ningeuvisha mbingu merikani tupu. Namaanisha ile pamba isiyopaushwa, ambayo babu yako, aliyefanya kazi katika kiwanda cha nguo hapa Jinja, alikuwa akituletea vipande vyake vya mwisho wa jora. Kitambaa hicho kiliitwa hivyo kwa kuwa hapo zamani kilitoka Marekani, na wafanyabiashara wa misafara ya pwani ndio waliokifikisha Buganda katika karne ya 19, kwa njia zilezile zilizokileta Kiswahili hiki ninachokuandikia. Nguo za pamba ndizo zilizoanza kuiondoa lubugo, ile nguo ya gome la mti, miilini mwa watu. Basi, kuwavisha wakaazi wa mbinguni nguo ya mbali, na kuiacha ardhi na nguo yake yenyewe, kuna maana ambayo mtu mzima ataing'amua na mtoto ataiona kwa macho tu: huko juu ni weupe wa maziwa, huku chini ni wekundu wa udongo.

Hapo ndipo ninapotaka usimame kidogo, kwa sababu katika orodha yako umeandika kwamba Kintu avae lubugo tangu pazia linapofunguliwa. Najua kwa nini umefanya hivyo. Lubugo ni fahari yetu, UNESCO iliitangaza mwaka 2005 kuwa miongoni mwa turathi bora za binadamu, na inapendeza jukwaani kuliko nguo yoyote ya dukani. Gome la mti wa mutuba hubanduliwa majira ya mvua, mti ukafunikwa majani ya mgomba ili uote gome jingine, na lile lililobanduliwa hugongwa kwa nyundo za mti za namna mbalimbali mpaka linapanuka, linalainika na kupata rangi yake ya vyungu. Lakini wewe umekulia Jinja, katika mtaa wa watu mchanganyiko, na huenda hujakaa vya kutosha kwenye misiba ya Waganda ukaona lubugo ndiyo inayomfunika marehemu. Katika ukumbi wako watakuwemo wazee ambao nguo hiyo, wakiiona tu, itawaambia jambo kabla mwigizaji hajafungua kinywa. Ukiitumia tangu mwanzo kama pambo, utakuwa umeitoa siri yako yote dakika ya kwanza.

Iweke. Isionekane hata kipande chake mpaka Walumbe, ambaye ndiye kifo chenyewe, atakapoteremka duniani. Hapo ianze kuingia kidogo kidogo: mkanda kiunoni mwa Nambi, kisha kitambaa alichofungwa mtoto mgongoni, na mwishoni sakafu nzima ya jukwaa iwe lubugo. Hutahitaji kusema neno "kifo" hata mara moja, na watoto waliokuja kumwona ng'ombe anayezungumza hawataogopeshwa.

Swali litakalofuata ni Kintu avae nini hapo mwanzo, akiwa peke yake na ng'ombe wake. Nilitaka kukuambia majani makavu ya migomba, na nilikwisha kutuma mtoto wa jirani akaniletee, kisha nikakumbuka kwamba mgomba ni katika mimea ambayo Nambi alishuka nayo kutoka mbinguni, pamoja na viazi na maharagwe. Kintu hawezi kuvaa mmea ambao haujafika duniani! Tumia mafunjo na nyasi za kinamasi, ambazo hapa ufukweni Masese hazina mwenyewe, zikishonwa juu ya wavu mwepesi. Faida yake kubwa ni sauti. Mafunjo makavu huchakarisha, hivyo Kintu atasikika kabla hajaonekana, na atakapofika kwa Ggulu, miongoni mwa watu wa merikani iliyofuliwa mara tatu mpaka ikalegea na kuwa kimya, kila hatua yake itamtia aibu. Mwigizaji mzuri atacheza na jambo hilo peke yake kwa dakika mbili na ukumbi utacheka, na itakuwa umepata kichekesho ambacho hakikuandikwa.

Sasa nije kwa Walumbe, kwa maana hapo ndipo nimekaa usiku mwingi zaidi. Umemchora na pembe, meno na joho jeusi. Mwanangu, Walumbe ni kaka yake Nambi. Kisa chote kinakaa juu ya udugu huo: anamfuata dada yake, anaomba apewe mtoto mmoja wa kumsaidia kupika, ananyimwa, naye anakasirika kama ndugu aliyedharauliwa mbele ya shemeji. Ukimfanya zimwi, watu watajiuliza kwa nini Nambi hakupiga kelele siku ya kwanza. Lazima afanane na familia yake.

Wazo langu ni hili. Watu wote wa mbinguni wawe na mabega yaliyochongoka kama ya gomesi, lile vazi letu refu la wanawake, lakini yakuzwe mpaka yapite masikio, kana kwamba mawingu yamewashika mabegani. Usihofu kwamba gomesi si vazi la enzi za Kintu. Kila mtu anajua kwamba jina lake limetoka kwa fundi Mgoa aliyeitwa Gomes, aliyeshonea wasichana wa shule ya Gayaza mwanzoni mwa karne ya 20, na wewe huandai makumbusho. Ukimtazama bibi harusi akiingia na gomesi iliyopigwa pasi vizuri, mabega ndiyo yanayofika kwanza, na umbo hilo hata aliyekaa benchi la mwisho hulitambua. Walumbe naye awe na mabega yaleyale, kitambaa kilekile, mkato uleule, ila ncha zake zielekee chini. Basi. Hakuna pembe wala rangi usoni. Atakapoingia, mtoto atasema, "Huyu ni wa kule juu," na papo hapo ataona kwamba kuna kitu kimelala ambacho kilipaswa kusimama. Nimeshajaribu kwa karatasi ya gazeti juu ya baba yako, ambaye alivumilia kwa muda wa chai moja, na nakuhakikishia kwamba alionekana mtu mwenye huzuni ya miaka mingi.

Kwa kujaza mabega hayo, tafuta masalio ya sponji kwa washona magodoro. Yakatwe kwa wembe mpya, yabandikwe kwa gundi ya viatu nje penye hewa, na yaachwe usiku kucha harufu itoke. Usitumie pamba ya mito, kwa kuwa mwigizaji akitoka jasho itashikamana na mabega yatazama kabla ya sehemu ya pili, na Ggulu mwenyewe ataishia kuwa Walumbe.

Nyuki. Nakuomba usirudie kosa langu. Miaka mingi iliyopita niliwashonea watoto wa shule fulani mchezo wenye vipepeo, nikatengeneza mabawa ya waya na neti yaliyokuwa mapana kuliko mikono ya mtoto iliyonyooshwa. Nilijisifu sana, mpaka jioni ya onyesho ilipogunduliwa kwamba mlango wa kuingilia jukwaani ulikuwa mwembamba kuliko kipepeo. Waliingia kwa ubavu, mmoja mmoja, kama watu wanaopita katikati ya viti vya matatu, na wa mwisho alibaki nje akilia. Pima mlango kabla ya kupima mtoto. Kwa nyuki huyu, ambaye kazi yake ni kumnong'oneza Kintu ng'ombe wake ni yupi katika kundi zima, hahitajiki mwenye mabawa. Mwigizaji avae merikani ya kawaida, ashike ufito mrefu wenye nyuki mdogo wa sponji kwenye ncha, na sauti itoke kwake mwenyewe. Watazamaji watamfuata yule mdogo na kumsahau anayemshika. Kundi la ng'ombe nalo lifanyike kwa pembe tu: kila mwigizaji anyanyue jozi moja ya pembe mbele ya uso wake, na kwa waigizaji 9 ulio nao utapata kundi la kutosha. Vinyago vya kufunika uso mzima sivitaki, maana humeza sauti, na ukumbi wako hauna vipaza sauti vya kutegemewa.

Kwa kuwa watu 9 watacheza nafasi 22, wote wawe na vazi moja la msingi la merikani, suruali fupi na fulana isiyo na kola, na mengine yote yavaliwe juu yake. Zipu ziwe chache. Velkro ni ya haraka, lakini hukwaruza kwa sauti ambayo husikika hata nyuma wakati wa utulivu, kwa hiyo ninashona kulabu kubwa za kubana kiunoni, ambazo mtu anaweza kuzipata gizani kwa kidole gumba.

Kuhusu taa nitasema machache, kwa kuwa yule kijana wako anazijua kuliko mimi. Mwambie tu kwamba taa ya buluu huigeuza lubugo kuwa nyeusi kabisa, wakati taa ya rangi ya asali huifanya ionekane kama inapumua. Msiamue chochote kwa kutazama vitambaa dirishani. Hata hivyo, kwa kuwa umeme wetu ni mgeni anayeondoka bila kuaga, fanyeni angalau zoezi moja mchana madirisha yakiwa wazi, na ikiwa kisa hakieleweki bila taa, kosa litakuwa la mavazi, nami nitashona upya.

Lipo jambo moja ambalo si la nguo, ila limenijia nikikata karatasi. Kayikuzi, kaka mwingine wa Nambi, anapotumwa kumkamata Walumbe, anawaamuru watu wote wakae kimya, na watoto ndio wanaopiga kelele, Walumbe akatoroka tena ardhini pale Ttanda, penye mashimo yanayotembelewa mpaka leo kule Mityana. Wewe umeandika kelele hizo zipigwe na waigizaji. Kwa nini, wakati ukumbi utakuwa umejaa watoto? Kayikuzi awageukie watazamaji, awaombe kimya kwa unyenyekevu, kisha Walumbe achomoze mabega yake tu chini ya ile sakafu ya lubugo, taratibu, ncha moja kisha nyingine. Hawataweza kujizuia. Watamfukuza wenyewe, na watatoka ukumbini wakilaumiana. Ili hilo liwezekane, lubugo ya sakafuni isigongomelewe misumari, na iungwe kwa mishono mirefu ya mkono, kwa sababu mishono ya karibu karibu ya cherehani huitoboa kama karatasi, nayo itachanika hapohapo mtu anapoisukuma kutoka chini. Pia isipate maji, na mshumaa usiwe karibu nayo.

Bado hujaamua ni nani atakayerudi mbinguni kuchukua ulezi wa kuku uliosahauliwa, kosa linalomfanya Walumbe awafuate, maana wengine husimulia kwamba ni Nambi na wengine kwamba ni Kintu. Uamue mapema. Akirudi Nambi, nitamshonea vazi la safari lenye mfuko mtupu unaoonekana wazi, ili watu waone kwamba kuna kitu hakimo. Akirudi Kintu, mfuko huo utapotea ndani ya mafunjo, na itanibidi nibuni kitu kingine.

Mabega ya karatasi, jozi mbili, nimeyafunga kwenye boksi na yatakuja na taksi ya Jumatano asubuhi. Yapokee wewe mwenyewe, usimtume mtu, kwa kuwa yakikunjwa hayafai tena. Mjaribishie Walumbe kwanza. Akishayavaa, mwambie atembee, akae, ainame kama anayeomba mtoto wa kumsaidia kupika, kisha nipimie umbali kutoka shingoni mpaka kwenye ncha, kila upande, na uniandikie kwa sentimita. Kitambaa sitakikata kabla ya vipimo hivyo.

Mama yako