Risala ya wahitimu wa kozi ya waamuzi wa soka kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa Kamati ya Waamuzi,
Wakufunzi, watathmini na waamuzi wenzetu,
Mabibi na mabwana.

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu, na zaidi kwa kusimama nasi juani asubuhi nzima. Uliuliza pale uwanjani mbio zile ni za nini. Mheshimiwa, ule ni mtihani wa utimamu wa mwili wanaopewa waamuzi wa kati wanaume wa kimataifa: mita 40 mara 6, kila mara isizidi sekunde 6, kisha mita 75 kwa sekunde 15, unatembea mita 25 kwa sekunde 18, unarudia mara 40. Ni mizunguko 10 ya uwanja. Anayeshindwa hapangiwi mechi, na hapo hatuna malalamiko. Saa haina mjomba.

Letu leo ni zile alama nyingine, anazopewa mwamuzi akishachezesha. Alama hizo ndizo zinazozaa orodha, na orodha ndiyo inayompa mmoja fainali na kumwacha mwenzake mwamuzi wa akiba msimu mzima.

Katika kipimo cha UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, chenye alama hadi 10, aliyechezesha vizuri kama inavyotarajiwa hupata 8.3 au 8.4. Akikosea jambo moja kubwa lililo wazi, tuseme amenyima penalti ya halali, anashuka hadi 7.9 hata kama dakika zote zilizobaki alikuwa safi. Ni nusu alama tu, lakini ndani ya nusu hiyo wanapita waamuzi wengi.

Mwenzetu mmoja aliyekaa humu aliwahi kupata 7.9 hiyo. Mtathmini alikuwa jukwaani nyuma ya goli moja, tukio likatokea goli la pili. Mwenzetu alikuwa hatua nane tu kutoka kwenye mpira, akamwona mshambuliaji anajiangusha, akaashiria mchezo uendelee. Video ya shabiki ilionyesha beki hakumgusa mtu. Karatasi ya tathmini ilimfikia ligi imeshakwisha, na maelezo yake yalikuwa maneno mawili: "Aongeze umakini." Umakini gani, dakika ya ngapi? Hata angetaka kujirekebisha, angeanzia wapi?

Hatusemi makosa yafumbiwe macho. Mwaka 2006 Mwingereza Graham Poll alimwonyesha Josip Šimunić wa Croatia kadi 3 za njano katika mechi moja ya Kombe la Dunia, na hakupangiwa nyingine kwenye mashindano yale. Hakuna mwamuzi hapa anayeona alionewa.

Mheshimiwa, tunaomba nakala ya tathmini imfikie mwamuzi ndani ya siku 7, ikiwa na dakika na sababu ya kila kosa, naye aruhusiwe kukata rufaa kwa video. Tunaomba pia uzito wa mechi uhesabiwe. Aliyechezesha mechi ya mabao matano kwa bila, kila mtu anacheka, anapata 8.4 bila jasho. Aliyepewa mechi ya watani, penalti mbili na kadi nyekundu, akiondoka na 8.3 amefanya kazi kubwa zaidi. Wastani mtupu hauoni hilo, na mjanja atajifunza kukwepa mechi ngumu.

Kuhusu makocha, fomu wanazojaza kumhusu mwamuzi zisomwe, ila zisichanganywe na alama. Kocha aliyefungwa dakika ya 90 mkono wake bado unatetemeka anapoandika.

Wasichana 8 kati ya wahitimu 34 wa leo wana neno lao. Mwaka 2022 Salima Mukansanga wa Rwanda alichezesha Zimbabwe na Guinea kwenye AFCON, mwanamke wa kwanza kuwa mwamuzi wa kati katika fainali hizo, na Desemba mwaka huohuo Stéphanie Frappart wa Ufaransa akachezesha Costa Rica na Ujerumani kwenye Kombe la Dunia la wanaume. Nao hawaombi alama za huruma. Wanaomba karatasi ileile, na mtathmini yuleyule.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, vyeti viko mezani mbele yako. Kando yake tumeweka fomu ya tathmini tunayoipendekeza, ukurasa mmoja tu, nasi tunaomba uondoke nayo. Karibu sana utukabidhi vyeti.

Tunaomba kuwasilisha.