Kitambi kipimwe kwa futi ya fundi cherehani

Mhariri,

Mizani peke yake haimwambii mtu kama unene wake ni wa hatari. Mafuta yanayoumiza zaidi ni yale yanayojikusanya tumboni, kuzunguka ini na utumbo. Hayo ndiyo yanayodhoofisha kazi ya insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu; sukari ikapanda na presha ikafuata. Kuyakadiria, futi ya fundi cherehani inatosha.

Simama wima, inua nguo. Papasa mwisho wa mbavu na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, zungusha futi katikati ya hapo, toa pumzi kawaida, kisha soma. Wanaume wengi hupima penye mkanda wa suruali, chini ya kitambi, wakajidanganya. Mwanamume akizidi sentimita 94, au mwanamke asiye mjamzito 80, hatari imeanza. Wakizidi 102 na 88, imekuwa kubwa.

Kukaa kutwa kunachangia, lakini tutazame na chupa. Soda ya kola ya mililita 350 ina takriban gramu 37 za sukari, yaani vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asivuke kama gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana 25. Bado hatujagusa chai ya asubuhi wala chipsi mayai.

Na jamani, tuache kumwuliza aliyepungua kama anaumwa. Swali hilo, lililoshika mizizi enzi za hofu ya UKIMWI, humrudisha mtu kwenye sahani ya pili.

Muuguzi wa kliniki ya kisukari,
Dar es Salaam